Kufuli la Baiskeli Humlinda na Jirani



Juma hili tunazungumzia kitu kidogo cha chuma ambacho aghalabu hununuliwa mwisho, au hakinunuliwi kabisa: kufuli la baiskeli. Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uzito gani hata likapewa nafasi katika ukurasa wa familia. Jibu letu ni kwamba katika miji na vijiji vyetu vya pwani, kutoka Vanga hadi Kiunga, baiskeli ni riziki kabla ya kuwa kipando. Muuza samaki huitegemea alfajiri akiwahi mashua zinazorejea kutoka baharini. Muuza mikate hufunga kreti yake kwenye keria na kuzunguka mitaa kabla watu hawajaketi kunywa chai. Binti wa sekondari huipanda ili afike nyumbani kabla ya magharibi. Mwalimu wa madrasa anayesomesha vijiji viwili hawezi kukiwahi kijiji cha pili bila hiyo.

Baiskeli kama hiyo ikiibwa, nyumba hupata hasara mbili. Ya kwanza yaonekana: kipato cha siku hukatika, mtoto huchelewa masomo, na mama huanza kupunguza matumizi ya jikoni. Ya pili haitajwi sana, nayo ni dhana mbaya. Kitu kikitoweka uani, macho hugeuka upande wa jirani, na kijana asiye na kazi huwa wa kwanza kutajwa. Hasara ya kwanza yaweza kulipika kwa fedha. Ya pili huenda isilipike kamwe. Ndiyo maana tunasema kwamba kufuli humlinda mwenye baiskeli, na humlinda jirani yake pia.

Wapo wanaoona kwamba kufunga funga kila kitu ni upungufu wa tawakul. Hao tunawakumbusha mapokezi ya Imam Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), kuhusu mtu aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) iwapo amfunge ngamia wake kisha ategemee, au amwache huru na ategemee. Aliamrishwa amfunge kwanza. Baiskeli ndiyo ngamia wa wengi wetu leo, na kamba yake ni kufuli.

Kufuli hulinda kile lilichokipitia

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchini Marekani, lilitoka kufuli la chuma kigumu lenye umbo la herufi U, likaitwa Kryptonite. Ili kulijaribu, baiskeli ilifungwa kwa kufuli hilo barabarani katika mtaa wa Greenwich Village, mjini New York, ikaachwa hapo kwa muda wa siku 30. Siku hizo zilipotimia, kufuli lilikuwa zima na fremu ilikuwa pale pale, lakini sehemu zote zilizoweza kufunguliwa zilikuwa zimekwenda.

Kisa hicho kinatosha kuwa somo. Anayefunga gurudumu la mbele peke yake ameligawia kufuli kazi ya kulinda gurudumu la mbele tu. Mwizi hufungua nati mbili, akaliacha gurudumu likining'inia kwenye nguzo na kuondoka na baiskeli iliyobaki. Anayefunga fremu peke yake hurudi akaikuta fremu haina magurudumu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kufuli lipite vitu vitatu kwa pamoja, yaani fremu, gurudumu la nyuma, na kitu kisichong'oka. Tunalitanguliza gurudumu la nyuma kwa sababu ndilo lenye gia na mnyororo, na bei yake hupita ya gurudumu la mbele. Ukiwa na kufuli la pili, hata likiwa dhaifu kidogo, ndilo la kufungia gurudumu la mbele kwenye fremu.

Baadhi ya baiskeli za kisasa zina magurudumu na kiti vinavyofunguliwa kwa mkono, bila spana. Jambo hilo humfaa mwenye mali, na humfaa mwizi zaidi. Mpelekee fundi akuwekee nati za kawaida. Kiti nacho chaweza kufungwa kwenye fremu kwa kipande cha mnyororo kuukuu wa baiskeli, uliovishwa mpira wa tyubu ili usikwaruze rangi.

Kuchagua kufuli

Madukani kwetu yapo makufuli ya namna nyingi, nayo hayalingani.

Lipo la waya, ambalo ni jepesi na la bei nafuu. Unene wake hudanganya, kwani sehemu kubwa ni plastiki. Ndani mna nyuzi nyembamba za chuma zinazokatwa kwa mkasi wa chuma kwa muda mfupi mno. Lifae kuwa kufuli la pili, lisiwe la pekee.

Upo mnyororo wenye kufuli la mlango, nao ndio uliozoeleka kwetu. Hapa tazama mambo mawili. Pete za mnyororo ziwe nene na zimechomelewa, kwani mnyororo wa kufungia mbuzi pete zake hupanuliwa kwa koleo. Kisha kufuli lenyewe lilingane na mnyororo. Upinde wake ukiwa mwembamba, mwizi ataukata huo na kuuacha mnyororo mnono ulivyo.

Lipo la U, lililo gumu kuliko yote tuliyoyataja, ijapokuwa ni zito na haliwezi kuzunguka nguzo nene. Iwapo una ndugu Uingereza atakayekuletea, mwambie atafute alama ya Sold Secure, ambayo hutolewa kwa makufuli yaliyojaribiwa na kupangwa kwa daraja za shaba, fedha, dhahabu na almasi.

Lipo pia la duara, linalokaa daima nyuma ya kiti na kupitisha upau kati ya spoki za gurudumu la nyuma. Hili huonekana sana kwenye baiskeli za mitumba. Linafaa kwa dakika chache za dukani, kwa sharti baiskeli iwe mbele ya macho yako. Humzuia mwizi kuipanda, lakini halimzuii kuibeba, na baiskeli hubebeka kwa urahisi juu ya mkokoteni au ndani ya tuktuk.

Tahadhari moja kwa wanunuao makufuli yaliyotumika: liepuke lile lenye tundu la ufunguo la mviringo kama bomba, hasa likiwa la zamani. Mwaka 2004 ilidhihirika Marekani kwamba baadhi ya makufuli ya namna hiyo, hata ya Kryptonite iliyosifika, yalifunguka kwa kusukumiwa ganda la plastiki la kalamu ya wino. Kampuni ililazimika kuwabadilishia wateja. Ufunguo bapa wenye meno ni bora zaidi.

Kwa wenye kupenda kufuli la namba, tunasisitiza namba iliyowekwa na kiwanda ibadilishwe, na mwaka wa kuzaliwa wa mtoto usitumiwe. Darasa lake zima wanaujua.

Kulipachika kwenye baiskeli

Kufuli lililoachwa nyumbani halilindi kitu, na kufuli linaloachwa nyumbani ni lile lisilo na mahali pa kukaa kwenye baiskeli. Makufuli mengi ya U huja na kibano cha plastiki chenye skrubu. Kukipachika ni kazi ya robo saa, na mama au binti aweza kuifanya bila kumsubiri fundi.

Kwanza, shika kibano kwa mkono kwenye paipu ya fremu kabla ya kukaza chochote. Mahali pazuri ni paipu inayoshuka kutoka usukani hadi kwenye pedeli, au ile inayobeba kiti. Tia kufuli ndani yake, keti juu ya baiskeli, kisha zungusha pedeli kinyumenyume. Magoti yasiguse kufuli. Geuza usukani kulia na kushoto, uhakikishe waya za breki hazibanwi.

Pili, pangusa paipu iwe kavu isiwe na mafuta. Kata kipande cha tyubu kuukuu, ukizungushie hapo, halafu weka kibano juu yake. Mpira huo huzuia kuteleza na hulinda rangi. Na hapa pwani rangi ikikwaruzika, kutu huingia upesi.

Tatu, kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu, moja kisha nyingine, ili kibano kikae sawa. Usikaze kwa nguvu zote, maana plastiki hupasuka.

Nne, zunguka na baiskeli mtaani na upite juu ya tuta. Kufuli likigongagonga, kaza tena. Baada ya juma moja kagua upya, kwa kuwa mpira mpya hujibana na kulegea.

Dada anayepanda baiskeli akiwa amevaa buibui azidishe jambo moja: ncha za skrubu zielekee ndani, na kibano kisikae mahali ambapo pindo hupita wakati wa kupanda na kushuka. Kwenye fremu za kike, ambazo paipu ya juu imeshushwa, nafasi huwa ndogo. Hapo ni salama zaidi kufuli lifungwe juu ya keria kwa mpira imara. Wala mtu asilitundike kwenye usukani. Likiyumba likaingia katika spoki za mbele, gurudumu husimama ghafla na mpandaji huruka.

Kufuli la duara hupachikwa kwenye zile paipu mbili nyembamba zinazoshuka kutoka kwenye kiti hadi ekseli ya nyuma. Baada ya kukaza boliti, inua gurudumu na ulizungushe. Tairi isiguse kufuli upande wowote. Ikigusa, huenda rimu imepinda, nayo inyooshwe kwanza. Watoto waonywe vikali wasichezee kishikio chake baiskeli ikiwa mwendoni, hasa wanapobebwa nyuma.

Kulitumia kila siku

Chagua kitu cha kufungia kama unavyochagua mtu wa kumwachia amana. Nguzo fupi isiyo na kichwa haifai, kwani baiskeli itainuliwa na kupitishwa juu pamoja na kufuli. Mti mchanga hukatwa. Uzio wa miti hung'oka. Bomba la maji likivunjwa, mtaa mzima hukosa maji. Vyuma vya dirisha lililojengewa, au nguzo iliyosimikwa kwenye zege, ndivyo vya kutegemea.

Ukilifunga kufuli, usiache nafasi kubwa ndani yake. Nafasi hiyo ndimo mwizi anamoingiza mtaimbo. Kufuli lisilale chini, kwa sababu ardhi humsaidia mwenye nyundo. Tundu la ufunguo lielekee chini ili mvua na mchanga visiingie. Kisha vuta kwa mkono uhakikishe limeshika; wengi husikia mlio wakaondoka, kumbe upinde haujaingia.

Nyakati za hatari ni zile ambazo kila mtu anazijua. Mwizi naye anajua swala ya jamaa huanza saa ngapi na huchukua muda gani, na anajua watu wa dukani husema wanaingia mara moja. Usiku hatari huongezeka. Baiskeli ilale ndani, na nyumba ikiwa ndogo, fundi asimike pete ya chuma kwenye sakafu ya zege uani. Kwenye nyumba za kale za mawe na chokaa, pete isitiwe ukutani, kwani kuta hizo humomonyoka na boliti hutoka na kipande cha ukuta.

Funguo huja mbili au zaidi. Moja ikae kwa mpandaji, na nyingine mama aihifadhi mahali anapopajua yeye. Zisining'inizwe pamoja msumarini nyuma ya mlango, wala zisifichwe chini ya mkeka wa barazani. Mtoto anayenunuliwa baiskeli afundishwe kuifunga kabla ya kufundishwa kuipanda, na mara chache za mwanzo mzazi asimame kando amtazame akifunga, bila kumfanyia.

Chumvi ya bahari ni adui mwingine wa kufuli. Ufunguo ukianza kukwama, watu huacha kufunga, au huulazimisha ukavunjikia ndani. Mara moja kwa mwezi tia matone mawili ya mafuta ya cherehani katika tundu na kwenye upinde, ufungue na kufunga mara kadhaa, kisha ufute yaliyozidi. Usitumie mafuta ya nazi wala ya kupikia. Baada ya muda huwa kama gundi na kunasa vumbi.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pindua baiskeli, na kwenye fremu chini ya pedeli utaona namba iliyopigwa kwenye chuma. Iandike mahali pa kudumu, pamoja na rangi na alama zake, uipige picha ukiwa umesimama kando yake, na uhifadhi risiti. Ikiibwa, nenda kituo cha polisi tukio liandikwe na upewe namba ya OB. Mtu aliye na namba ya fremu ana hoja; asiye nayo ana maneno matupu, kwani baiskeli nyeusi zafanana.

Daftari hilo lina kazi nyingine pia. Soko la wizi haliishi bila wanunuzi, na wanunuzi hao hutoka majumbani mwetu. Ukiletewa baiskeli kwa bei isiyoaminika, na muuzaji hana risiti wala hasemi ameitoa wapi, iache. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya chataja kifungo kisichozidi miaka 14 kwa anayepokea mali ya wizi huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa. Na kabla ya sheria ya nchi, tuulizane ni baraka gani itakayotoka katika kipando kilichokatiza riziki ya mwenzetu.

Dhana na damu

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Sote tunajua linalotokea mitaani pale mtu mmoja anapopaza sauti kuita mwizi. Watu hukusanyika kwa dakika chache, mawe huokotwa, na hakuna anayeuliza ushahidi. Vijana wamepoteza maisha namna hiyo katika nchi yetu, wengine kwa vitu vya thamani ndogo, na wengine kwa kufananishwa tu. Baiskeli yoyote, hata iwe mpya, haifikii uhai wa mtoto wa mtu. Aliyeibiwa ana haki ya kudai mali yake. Hana haki ya kuwa hakimu, na sisi tuliosimama pembeni hatuna haki ya kunyamaza.

Hatusemi kwamba asiyefunga baiskeli ndiye mkosa. Mkosa ni mwizi. Wala hakuna kufuli lisilovunjika; mashine ya kukatia vyuma hulishinda hata la U. Ila mashine hiyo ina kelele, nayo yahitaji muda, na mwizi wa mitaani hutafuta kilicho rahisi. Kufuli zuri lililofungwa vizuri huondoa tamaa ya kupita njia, ile inayomjia kijana ambaye hakutoka kwao na nia ya kuiba. Tukimwondolea kishawishi hicho tumemsitiri, na tumejisitiri sisi na dhana.

Haya yanahitaji zaidi ya juhudi ya mtu mmoja. Kamati za misikiti na madrasa zingeweza kuweka mahali pa kufungia baiskeli kwa gharama isiyo kubwa. Bora ni paipu nene ya chuma iliyopindwa kama U iliyopinduliwa, yenye kimo cha sentimita 75 hivi, miguu yake ikiwa imesimikwa kwenye zege, na kati ya moja na nyingine kuwe na mita 1. Huko Uingereza hujulikana kwa jina la mji wa Sheffield, na fundi yeyote wa kuchomelea hapa kwetu aweza kuitengeneza. Zile reli zenye vijinafasi vya kuingiza gurudumu la mbele tu zisichaguliwe, kwani huturudisha kwenye kosa la kulifunga gurudumu na kuiachia baiskeli. Na iwekwe mbele ya mlango, mahali pa mwanga na macho ya watu, isifichwe nyuma ya choo cha udhu.

Kazi ya nyumbani kwa juma hili ni nyepesi: pindueni baiskeli mwandike namba yake, tieni mafuta kufuli, na mtazame kufuli lenu linapita vitu vingapi. Likipita kimoja tu, rekebisheni leo.

Mwenyezi Mungu azilinde mali zetu, na azilinde nyoyo zetu dhidi ya kuwadhania vibaya majirani. Wabillahi tawfiq.